Tisini na Moja Haigawanyiki

Kosa lilikuwa langu, na nililifanya kanisani, nimesimama mbele ya watu, dakika chache tu baada ya kuomba.

Ilikuwa Jumapili. Ibada ilikuwa imekwisha, na Umoja wa Akina Mama wa kanisa letu hapa mtaani Lucky Summer ulikuwa umebaki ndani kwa mkutano. Tulikuwa wanawake tisini na mmoja kwa hesabu ya daftari la mahudhurio. Mchungaji Wakoli alikuwa na pendekezo. Alisema Umoja umekuwa mkubwa kupita kiasi. Kila Alhamisi saa kumi na mbili jioni tunabanana kanisani kwa maombi, anayeomba mbele hasikiki nyuma, na mtu anaweza kuugua wiki tatu bila yeyote kujua kwamba hayupo. Afadhali tugawanyike katika vikundi vya majumbani, na kila kikundi kichague siku yake.

Kila kikundi kichague siku yake! Nilifumba macho nikasema asante Yesu, kwa sauti ya chini ili jirani yangu asisikie.

Nina miaka arobaini na tisa. Mchana napakia sabuni kiwandani Baba Dogo, kibarua. Jioni nasoma, katika darasa la kukodi la shule ya msingi, nikiendelea pale nilipoachia miaka mingi iliyopita nilipotoka shuleni kwenda kulea wadogo zangu. Somo la hesabu liko Alhamisi saa kumi na mbili jioni, saa ileile ya maombi. Mwalimu wetu, Mwalimu Willis, alikuwa ametangaza mapema: atakayekosa hesabu Alhamisi tatu, jina lake halitaingia katika orodha ya watahiniwa wa kidato cha nne. Mimi nilikuwa nimekwisha kukosa mbili; Alhamisi nyingine niliyatoroka maombi. Umoja sikuweza kuuacha, kwa maana ndio ulionibeba nilipokuwa mgonjwa wa kuoshwa na kugeuzwa. Na hesabu sikutaka kuiacha. Kwa miezi mitatu nilikuwa nikimwomba Mungu anionyeshe njia, na sasa njia ilikuwa inatoka kinywani mwa mchungaji.

Ndipo Mama Khavere akasimama.

Mama Khavere ni mwenyekiti wetu kwa mwaka wa kumi na nne sasa. Anauza sufuria soko la Muthurwa, na sauti yake aliizoeza huko, kushindana na honi.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Mchungaji, sisi kugawanywa tunakujua. Tulipokwenda kongamano Kakamega tuligawanywa wanne wanne vyumbani, na Mama Phelister akabaki peke yake. Akalala chumba cha mabegi."

"Na mabegi yalikoroma!" Mama Phelister akaitikia kutoka kiti cha mbele. Ana miaka sabini na sita na hajawahi kuacha utani upite njia bila kuusalimia.

Tulicheka. Mama Khavere alitungoja tumalize.

"Siku nitakapoonyeshwa mgawanyo wa haki, vikundi vyote sawasawa na asibaki mtu hata mmoja, siku hiyo nitakubali, na nitakwenda kikundini kama mtu mwingine yeyote. Mnanisikia? Lakini asibaki mtu."

Mchungaji akageuka akanitafuta kwa macho. "Dada Triza, si wewe unasoma hesabu? Tusaidie. Tisini na moja tuigawe kwa ngapi?"

Nilisimama. Tangu nizaliwe sikuwahi kuulizwa jambo mbele ya watu wengi hivyo. Niliinamisha kichwa nikaomba, kisha nikaanza. Kwa mbili: anabaki mmoja. Kwa tatu: tisa na moja ni kumi, na kumi haigawanyiki kwa tatu, anabaki mmoja. Kwa nne wanabaki watatu. Kwa tano anabaki mmoja. Kwa sita, mmoja tena. Yule mmoja alikuwa ananifuata kila nilikokwenda. Nikakumbuka alivyotufundisha mwalimu kuhusu namba za aina hiyo, na nikaona nimeikamata.

"Mchungaji," nikasema, "tisini na moja haigawanyiki. Ni namba tasa."

Minong'ono ikapita viti vyote.

"Tasa?" Mama Khavere alifoka. "Umoja wetu ni tasa?"

"Ni jina tu la hesabu, mama. Maana yake ni namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe."

Kisha uso wake ukaanza kung'aa, pole pole, kama jiko la makaa linalopepewa. Akainua mikono yote miwili. Aliwauliza wanawake ni zaburi ya ngapi tunayoisoma tunapoogopa, nao wakajibu: ya tisini na moja. Aliwauliza kama wanadhani Mungu alitufikisha idadi hiyo kwa bahati. Vigelegele vikapasuka. Kabla ya chai kuletwa, tayari kulikuwa na kiitikio:

"Tisini na moja!"

"Haigawanyiki!"

Mchungaji akakunja karatasi yake akaitia mfukoni. Mama Khavere akatangaza kwamba tangu sasa Alhamisi majina yatakuwa yanaitwa, na hakuna udhuru. Tulipokuwa tunatoka alinishika bega kwa upendo wa kweli.

"Umetusaidia sana, mwanangu. Alhamisi hii nakupa ruhusa. Nenda ukamuage mwalimu wako vizuri."

Hivyo ndivyo nilivyoijibu mwenyewe sala yangu, na kuijibu hapana.

Alhamisi nilikwenda kuaga. Darasa letu lina watu kumi na tisa na madawati ya watoto, kwa hiyo magoti yetu hukaa karibu na masikio. Naketi na Musyoka, askari wa lango la ghala moja la Baba Dogo, mwanamume wa miaka thelathini na kitu ambaye sijamwona akinyamaza dakika nzima.

"Niaje, mathe. Mbona uso ni kama umetoka kesha?" Mathe ni mama, kwa Sheng yake.

"Nimekuja kuwaaga."

"Unaenda wapi?"

Nilimweleza yote: mchungaji, Mama Khavere, Mama Phelister na mabegi, na jinsi nilivyoigawa ile namba. Alianza kutabasamu kabla sijamaliza.

"Hebu rudia. Ni tisini na ngapi?"

"Na moja."

"Mathe, mimi huandikwa kazi siku tisini na moja. Zikiisha natumwa nyumbani siku mbili, narudi, naweka sahihi tena. Wewe si pia wanakufanyia hivyo huko kwa sabuni?"

"Wananifanyia. Miezi mitatu."

"Soma karatasi yako vizuri. Ni wiki kumi na tatu. Na wiki iko na siku ngapi?"

Nimeitia sahihi karatasi hiyo mara kumi na moja. Nimehesabu siku zake kwa vidole nikingoja ziishe, na nimezihesabu tena nikiogopa ziishe.

"Saba," nikasema.

"Saba mara kumi na tatu! Sasa kama haigawanyiki, kuna siku moja tuliyofanya kazi na hatujui ilienda wapi."

Alicheka hadi dawati likatikisika, na Mwalimu Willis akageuka kutoka ubaoni. Mwalimu ni mtu mpole, mchana ni karani mjini, na huja kwetu na tai ambayo kufikia saa moja huwa nyeupe kwa chaki. Musyoka alimsimulia kila kitu kwa furaha, bila kuombwa.

"Triza," mwalimu akasema, "kwa nini uliishia sita?"

"Nilijua kujaribu mbili, tatu na tano, mwalimu. Nne na sita niliziongeza mwenyewe."

"Na saba je? Saba niliifundisha Alhamisi mbili zilizopita."

"Alhamisi hiyo nilikuwa kwenye maombi."

Darasa zima likaanguka kicheko, na hata mimi nilishindwa kujizuia. Nilikuwa nimekosa saba kwa sababu ya Umoja, na kwa kukosa saba nimeufunga Umoja usigawanyike.

Mwalimu hakucheka sana. Alipenda ile namba, nilimwona akiipenda. Aliiandika katikati ya ubao akaizungushia duara.

"Hii imewadanganya wengi kabla yako. Ina uso wa namba tasa. Mbili inaikataa, tatu inaikataa, tano inaikataa, na mtu akichoka hapo anaiacha. Mnajaribu hadi wapi?"

"Hadi namba ambayo ikijizidisha yenyewe inaipita hiyo," mtu akajibu.

"Saba mara saba?"

"Arobaini na tisa."

"Haijapita. Kwa hiyo saba lazima ijaribiwe. Kumi na moja mara kumi na moja ni mia moja ishirini na moja, hiyo imepita, hapo unaweza kupumzika." Kisha, kwa kuwa hawezi kujizuia, akaandika chini yake: 1 + 4 + 9 + 16 + 25 + 36. "Mmeona nyanya zinavyopangwa sokoni? Chini sita kwa sita, juu yake tano kwa tano, hadi moja kileleni. Zihesabuni."

Tulizihesabu. Nyanya tisini na moja.

"Kama hawataki saba," Musyoka akasema, "waambie wagawane tisini na moja. Kila mtu kikundi chake, kila mtu mwenyekiti. Vita imeisha."

"Je, Triza," mwalimu akauliza, "bado unaaga?"

"Nitakujibu wiki ijayo, mwalimu, nikiwa nipo."

Jumamosi tulikuwa na mazoezi kwenye uwanja wa kanisa, kwa sababu kesho yake ilikuwa Jumapili ya Akina Mama na Umoja ulikuwa uandamane mbele ya kanisa lote. Nilimvuta Mama Khavere kando kabla hatujaanza. Nilikuwa nimefunga tangu asubuhi ili nipate ujasiri.

"Mama, nilikosea. Tisini na moja inagawanyika."

Alitazama kulia, akatazama kushoto. "Punguza sauti. Kwa nini?"

"Kwa saba. Vikundi saba vya watu kumi na watatu. Habaki mtu."

"Triza. Jumapili ulisema haigawanyiki?"

"Nilisema."

"Uliomba kabla ya kusema?"

"Niliomba."

"Sasa unataka kuniambia Mungu alikosea hesabu?"

"Ni mimi niliyekosea, mama."

"Na kumi na tatu! Unajua ni nani aliyekuwa wa kumi na tatu mezani?" Alinipigapiga mkono. "Mwanangu, karatasi haikatai kitu. Hawa ni wanawake, wana miguu. Mimi nitaamini nikiona kwa miguu. Nenda ukasimame."

Alisema usiku uliotangulia alionyeshwa namna ya kutupanga. Alisimama yeye peke yake mbele. Nyuma yake akaweka wawili, wale waliokaa muda mrefu zaidi katika Umoja. Nyuma yao watatu. Kisha wanne, kisha watano, kila safu ikizidi ya mbele yake kwa mtu mmoja, na waliojiunga karibuni wakaenda mwisho. Tulipofika safu ya kumi na tatu, wanawake waliobaki walikuwa kumi na watatu kamili. Hakuzidi mtu. Hakupungua mtu. Nilimwona Mama Khavere mwenyewe akishtuka, maana nadhani alitegemea kuwasukumasukuma wa mwisho, lakini alijirudi upesi.

"Mmeona?" akapaza sauti. "Mkuki wa Bwana! Na mkuki una ncha moja!"

"Tisini na moja!"

"Haigawanyiki!"

Mimi nilikuwa safu ya kumi na mbili, na sikuitikia, kwa sababu nilikuwa nimegeuka kutazama waliokuwa nyuma yangu. Wao walikuwa kumi na watatu. Sisi tulikuwa kumi na wawili. Tulipungukiwa na mtu mmoja tu tuwe sawa nao. Nikatazama mbele kabisa. Pale mbele kulikuwa na mtu mmoja tu.

Nikaona safu ya mbele yetu: kumi na mmoja, wamepungukiwa na wawili. Na safu ya pili ina wawili. Kumi na tatu. Safu ya watu kumi imepungukiwa na watatu, na watatu wapo. Nikaendelea hivyo, jasho likinitoka, hadi safu ya sita na ya saba zikakutana katikati kama watu wanaopeana mikono. Mkuki wote ulikuwa umekatwa tangu zamani. Mama Khavere mwenyewe ndiye aliyeukata na kuusimamisha.

Ningeweza kumwambia palepale. Biblia haifundishi kunyamaza namna ile, nami niliomba msamaha nikiwa bado nimesimama kwenye safu. Lakini alikuwa ametaka aone kwa miguu, na miguu yote ingekuwapo kesho.

Jumapili uwanja ulijaa. Waume na watoto walikaa kwenye viti vya plastiki, simu zimeinuliwa. Tuliingia tukiimba, vitambaa vyeupe kichwani, Mama Khavere mbele peke yake kama ncha kweli. Tuliposimama alishika kipaza sauti, ingawa hakukihitaji.

"Mchungaji, utazame mkuki huu! Nilisema, na leo nasema tena mbele ya kanisa: anayetaka kutugawa, na aje hapa anionyeshe pa kukata!"

Nilisikia mkono wangu ukiinuka.

"Mama mwenyekiti, naomba kuonyesha."

"Nani huyo?"

"Ni Triza. Safu ya kumi na mbili."

Alifungua kinywa, lakini Mchungaji Wakoli, ambaye si mtu wa haraka, siku hiyo alikuwa na haraka. "Mpeni nafasi dada yetu!"

Sikuanzia mbele. Ningeanzia mbele asingesogea hata hatua moja, na mambo yangeishia hapo. Nilianzia katikati.

"Safu ya sita, tafadhali ungana na safu ya saba. Mko wangapi?"

Walijihesabu wakisukumana. "Kumi na watatu!"

"Safu ya tano, ungana na ya nane."

"Kumi na watatu!"

"Ya nne, na ya tisa."

"Kumi na watatu!"

Hapo walianza kuelewa. Safu ya watatu haikungoja kuitwa. Waliinua sketi wakakimbilia wale kumi, wakapokelewa kwa kicheko. Mama Phelister, ambaye kwa umri wake katika Umoja alikuwa safu ya pili, alimkamata mwenzake mkono. "Twende kwa wale kumi na mmoja, wanaonekana wamebeba chakula!"

"Na sisi huku nyuma?" safu ya mwisho wakauliza.

"Nyinyi mmetosha tangu jana. Kaeni."

Vumbi likatulia. Uwanjani kulikuwa na makundi sita ya watu kumi na watatu, na sisi wa safu ya kumi na mbili tumesimama mahali petu. Mbele, mbali kidogo, na uwanja mtupu nyuma yake, alisimama Mama Khavere ameshika kipaza sauti.

"Sisi tuko kumi na wawili," nikasema. "Tumepungukiwa na mtu mmoja."

Watu wote wa uwanja ule wakageuza vichwa kumtazama yeye.

"Mkuki wangu uko wapi?" akauliza. Kipaza sauti kilikuwa hakijazimwa.

"Asibaki mtu, mama," Mchungaji akasema kwa upole. "Ulisema asibaki mtu."

"Kumi na tatu ni namba ya msaliti!"

Ndipo nikasema neno ambalo mpaka leo sijui kama lilitoka juu au mahali pengine. "Mama, wanafunzi walikuwa kumi na wawili, na Bwana wao akawa wa kumi na tatu. Sisi hapa tuko kumi na wawili."

Niliomba toba kabla sentensi haijaisha. Lakini nilimwona Mama Khavere akiipokea. Aliigeuza kichwani. Alitutazama sisi kumi na wawili mmoja mmoja, kwa jicho lile analokagulia sufuria kama zina ufa.

"Na Yuda ni nani kati yenu?" akauliza.

Sote tuliinamisha macho.

"Mtamjua mkifika kwa chakula!" Mama Phelister akapiga kelele kutoka kundi lake.

Uwanja ukalipuka. Mama Khavere akajaribu kukunja uso, ukamkataa. Alizima kipaza sauti, akarekebisha kitambaa chake, akaja kwetu kwa mwendo wa taratibu, kama mtu anayekwenda kupokea zawadi. Alipoingia katikati yetu vigelegele vilisikika hadi Baba Dogo. Mchungaji akatoa ile karatasi mfukoni, akaikunjua.

Ni wakati huo tu, katikati ya kelele zote, nilipoelewa nilichofanya. Nilikuwa nimeugawa Umoja mbele ya kanisa zima ili niwe huru na Alhamisi ya Mama Khavere, na kwa mkono wangu mwenyewe nimejipeleka katika kikundi cha Mama Khavere.

Tulifanya kikao chetu cha kwanza baada ya chakula, nyuma ya tangi la maji.

"Siku yetu ni Alhamisi kama kawaida," akasema. "Tufunge na neno la sala."

Nilifumba macho. Niliona orodha ya watahiniwa, na mahali pa jina langu hapana kitu.

"Mama, mchungaji alisema tuchague," sauti ikasema. Alikuwa Winny, binti anayefanya kazi kiwanda cha plastiki, ambaye katika mikutano ya Umoja mkubwa sijawahi kumsikia akisema zaidi ya amina. "Mimi Alhamisi niko zamu. Nilikuwa nakosa kila mara, na hakuna aliyejua."

"Mimi pia," mwingine akasema. "Jumamosi jioni ingetufaa."

"Tupige kura basi," Mama Khavere akasema, bila wasiwasi. "Alhamisi?" Akainua mkono wake juu.

Katika watu tisini na mmoja, mkono wa mwenyekiti ukiinuka mingine huufuata yenyewe. Katika watu kumi na watatu kila mkono una mwenyewe, na mwenyewe anaonekana. Ilikuwa mikono sita, pamoja na wake.

"Jumamosi?"

Winny. Yule mwingine. Dada wawili washonaji. Mama wa kuuza mandazi. Jirani yangu Nabalayo. Na wangu, ambao ulikuwa wa saba.

Mama Khavere alihesabu mara mbili. Kisha akasema Bwana asifiwe, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kwamba anayo.

Alhamisi nilifika darasani wa kwanza. Mwalimu Willis alifungua rejista, akaniona, akaweka alama, na chaki ikamponyoka. Musyoka alitaka asimuliwe ile sehemu ya kipaza sauti mara tatu. Tulikuwa tumeanza kazi ya ubaoni niliposikia hodi.

Mlangoni alisimama Mama Khavere, kitambaa cheupe kichwani, mkoba kwapani.

"Karibu, mama," mwalimu akasema. "Umekuja kujiandikisha?"

"Nimekuja na swali moja, mwalimu. Kuna namba ambayo kweli haigawanyiki? Si kama ya huyu." Alinionyesha kwa kidevu.

Mwalimu Willis akiulizwa swali la hesabu hujisahau kama mlevi aliyealikwa harusini. "Ziko, mama! Hazina mwisho!"

"Nataka moja tu. Ya karibu na tisini na moja."

Nilimkanyaga Musyoka mguu, ingawa si yeye aliyekuwa anasema.

"Chini kuna themanini na tisa," mwalimu akajibu.

Mama Khavere alihesabu kwa vidole. "Kupunguza wawili." Akanitazama mimi. Kisha macho yake yakazunguka darasa yakimtafuta wa pili, yakatua kwa Musyoka, ambaye hata si wa kanisa letu. Musyoka akainama akafunga kamba ya kiatu ambacho hakina kamba.

"Hapana," akasema hatimaye. "Sisi hatufukuzi mtu. Juu je?"

"Juu ni tisini na saba."

"Umeijaribu kwa saba?"

"Kwa saba na kwa zote, mama. Hiyo haigawanyiki."

Aliiandika kwenye kiganja. "Wanawake sita," akasema, akashukuru, akaondoka.

Tangu siku hiyo hakuna mtu katika Lucky Summer anayehubiri kama Mama Khavere. Anahubiri saluni, anahubiri kwenye foleni ya maji, anahubiri Muthurwa juu ya sufuria zilizogeuzwa. Mchungaji anasema hajawahi kuona uamsho wa namna hii, na analia akiombea kazi yake. Kwa wiki tano amekwisha kuleta wanne, wote wameandikwa katika Umoja. Juzi alinishika bega tena.

"Wamebaki wawili tu, mwanangu. Tukifika tisini na saba tunarudi kuwa kitu kimoja, Alhamisi, na safari hii hakuna wa kutukata."

"Amina, mama," nikasema, na nilimaanisha, kwa sababu roho ya mtu ni roho ya mtu.

Jina langu liko kwenye orodha. Nililiona kwa macho yangu, namba yake pembeni. Mtihani ni mwezi wa kumi na moja, na kila Alhamisi naihitaji. Kwa hiyo mimi pia naomba, kila asubuhi kabla ya zamu, na kwa bidii: si wanawake sita, Bwana, bali saba. Tisini na nane ni saba mara kumi na nne, kila kikundi mtu mmoja mpya, na habaki mtu.

Wa saba nimekwisha kumpata. Ni mpangaji mpya wa ploti yetu, ameokoka kabisa, ana kiu ya kujiunga na Umoja, na kila Jumapili ananiuliza kama ndiyo leo. Nimemsihi asubiri kidogo tu, wa sita atangulie.